Prado ya petroli au ya dizeli? Namna ya kuamua kabla hujalipa

Ukisema tu kwamba unatafuta Prado, kila mtu anakuwa mtaalamu. Shemeji atakwambia chukua dizeli, haili mafuta. Dalali atakusifia ile aliyonayo yadini. Fundi naye anavutia kwake, kila mmoja kwa injini aliyozoea kuifungua. Hapa nazungumzia magari makubwa yaliyotumika, hasa Prado na Land Cruiser, maana ndiyo tunayanunua zaidi na spea zake zipo kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road kule Nairobi.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama safari zako nyingi ni za mjini, za nusu saa kushuka chini, nunua petroli. Dizeli ni ya mtu anayekwenda mbali mara kwa mara, au anayebeba na kuvuta, na ambaye tayari anamjua fundi wa pampu na nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Yanayofuata ni ya kukusaidia kujua uko upande gani, kisha kulikagua gari lenyewe.

Hatua ya 1: Andika safari zako

Chukua mwezi mmoja wa kawaida, si ule wa Krismasi ulipokwenda Moshi na familia nzima. Andika kilomita unazotembea na namna unavyozitembea. Kutoka Mbezi kwenda Posta kwenye foleni ni kazi tofauti kabisa na kutoka Dar kwenda Mbeya, hata kilomita za mwezi zikilingana.

Dizeli hupenda kupata moto na kubaki nao. Safari fupi za kuwasha, kusogea, kuzima, zinaichosha: masizi yanajaa kwenye eksozi na kwenye njia za hewa, oili inachafuka upesi. Petroli nayo haipendi foleni, inakunywa kweli, lakini haiharibiki kwa sababu hiyo. Unalipa pale kituoni na habari imekwisha.

Angalia pia milima na mwinuko. Prado ina uzito wa kama tani 2 ikiwa tupu. Injini ya petroli ya lita 2.7 inatoa msukumo wa Nm 246, na kuupata wote lazima uipigishe kelele hadi karibu mizunguko 4,000 kwa dakika. Dizeli ya 2.8 inatoa Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600 tu. Kwenye mlima wa Kitonga, ukiwa na watu saba na mizigo juu, tofauti hiyo utaisikia kwenye mguu wako wa kulia. Tena petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, wakati turbo ya dizeli hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Mtu wa Mbeya au Nairobi, ambako mwinuko ni kama mita 1,700, akilalamika kwamba 2.7 ni nzito, msikilize. Mtu wa Tanga anaweza asielewe analalamikia nini.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa karatasi

Kwetu bei ya dizeli na ya petroli haziachani sana. Unaweza kuziangalia kila mwezi EWURA (Tanzania) au EPRA (Kenya) wanapotangaza bei kikomo. Faida ya dizeli iko kwenye kilomita kwa lita: lita ya dizeli ina nishati zaidi kidogo kuliko ya petroli, na injini yenyewe huitumia vizuri zaidi.

Tufanye mfano kwa namba za duara. Petroli ya 2.7 inakupa kilomita 7 kwa lita, dizeli 9.5, na lita ni shilingi 3,000 kwa zote mbili. Ukitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, petroli inakula lita 2,857 na dizeli lita 2,105. Umeokoa lita 752, yaani kama milioni 2 na laki 2 na nusu. Sasa kama ile ya dizeli inauzwa milioni 15 zaidi, utahitaji zaidi ya miaka sita na nusu kurudisha tofauti. Ukitembea kilomita 40,000, ni miaka mitatu na kidogo. Weka namba zako, bei za leo, na gari ulizoziona kwa macho.

Halafu toa matengenezo. Injini ya dizeli ya 3.0 inameza oili kama lita 7 kila unapobadilisha, ya petroli 2.7 haifiki 6. Seti ya nozeli nne halisi za Denso inaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Za feki ni rahisi, na ndiyo maana utazinunua mara mbili.

Kwa mtu wa Dar kuna jambo la tatu: gesi asilia. Gari la petroli linaweza kufungwa mfumo wa gesi, na DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. La dizeli si rahisi hivyo. Mtungi unakula nafasi ya buti, foleni za vituo zinajulikana, na ukitoka nje ya mji unarudi kwenye petroli. Lakini kama misele yako yote ni ndani ya Dar, ile hoja ya shemeji kwamba petroli inafilisi inapungua uzito.

Hatua ya 3: Soma chasi, usisome tangazo

Tangazo litasema “Prado TX, full AC, namba D, bei maelewano”. Wewe omba picha ya namba ya chasi. Kwa magari ya soko la Japani, herufi za mwanzo zinakwambia injini iliyotoka nayo kiwandani:

TRJ ni petroli 2.7. GRJ ni petroli 4.0 ya V6. KDJ ni dizeli 3.0. GDJ ni dizeli 2.8. Namba inayofuata, 120 au 150, ni toleo la Prado. Kwa Land Cruiser kubwa, UZJ200 ni petroli 4.7, URJ202 ni petroli 4.6, na VDJ200 ni dizeli 4.5 ya V8.

Hapa ndipo uongo mwingi unapokamatwa. Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli nchini Japani mwaka 2007, kanuni za moshi zilipokaza. Prado 150 ilipoingia soko la Japani Septemba 2009 ilikuwa ya petroli peke yake, na dizeli ilirudi Juni 2015 na injini ya 2.8. Kwa hiyo mtu akikwambia ana Prado ya dizeli ya 2012 “kutoka Japani”, kuna kitu hakijakaa sawa. Ama ilitoka Uingereza au soko jingine, ama ilikuwa gari la mradi, ama injini imebadilishwa hapahapa mjini. Land Cruiser 200 nayo haikuwahi kuuzwa Japani ikiwa ya dizeli. Ile V8 ya dizeli unayoitamani ilianzia maisha yake kwingine.

Siyo kwamba gari la Uingereza ni baya. Lakini kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi inakula chasi. Ingia chini na tochi, gonga fremu kwa bisibisi upande wa nyuma na kwenye viungo vya springi. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi chini ya gari la miaka kumi inaficha kitu. Kumbuka pia dashibodi yake inahesabu maili: 100,000 inayoonekana pale ni kilomita 160,000.

Gari likitoka Japani, dai karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha nje. Cheti hicho hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Kama dashibodi inaonyesha 78,000 na cheti kinasema 143,000, mazungumzo yameisha.

Hatua ya 4: Kama unaagiza, uliza kodi kabla ya kuuliza rangi

Ukubwa wa injini na aina ya mafuta vinaweza kugeuza hesabu yote. Mfano mzuri ni Kenya. Ushuru wa bidhaa huko umekuwa asilimia 35 kwa dizeli inayozidi cc 2,500 na kwa petroli inayozidi cc 3,000. Ona kinachotokea: Prado ya petroli ya 2.7 inabaki chini ya mstari, ya dizeli ya 2.8 inauvuka, ingawa injini zinakaribiana ukubwa. Kenya pia hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila gari likizeeka linaongezewa ushuru. Viwango hubadilika na kila bajeti ya Juni, kwa hiyo mpe wakala wa forodha namba ya chasi akupigie hesabu kabla hujatuma hela Japani.

Hatua ya 5: Kukagua ya dizeli

Hapa usiwe na haraka. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Kama ni ya moto, rudi kesho. Injini ya dizeli yenye nozeli mbovu huficha ugonjwa ikishapata moto.

Washa. Inapaswa kushika ndani ya sekunde chache. Moshi mweupe kidogo unaopotea si kitu. Moshi mweupe unaoendelea na kuchoma macho ni mafuta yasiyoungua, na kidole kinaelekea kwenye nozeli. Wa bluu ni oili. Mweusi mwingi ukikanyaga ni hewa kidogo au mafuta mengi: turbo, EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini), au nozeli tena. Sikiliza mlio. Dizeli hugonga kwa kawaida yake, lakini mlio mmoja mkali wa kugonga unaojitokeza peke yake kati ya mingine ni silinda yenye shida.

Sasa fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, kigeuze na kukiweka juu ya mdomo wake bila kukifunga. Kikitetemeka tu pale kilipo, sawa. Kikirukaruka au kurushwa, na mvuke mzito ukapumua nje, mgandamizo unavuja kwenda kwenye oili. Kwenye dizeli ya 3.0, ile ya KDJ, kuna ugonjwa maarufu unaoanzia hapa. Chini ya kila nozeli kuna washa, yaani pete ndogo ya shaba ya kuziba. Ikichoka, gesi ya moto inapita, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa lami, na lami inaziba chujio lililo ndani ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Presha ya oili inashuka na injini nzima inakufa kwa sababu ya kipande cha shaba cha bei ya soda. Muulize muuzaji washa za nozeli zilibadilishwa lini. Akikujibu “washa gani?”, hiyo nayo ni taarifa. Gari la bei hiyo lina haki ya kushushwa sampo na kuangaliwa chujio kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, mwache na gari lake.

Mkanda wa taimingi: 3.0 inao, na hubadilishwa kila kilomita 150,000. Taa ya T-BELT ikiwaka muda umefika, ila fundi anaweza kuizima bila kuugusa mkanda, kwa hiyo amini risiti. Dizeli ya 2.8, petroli za 2.7 na 4.0, na V8 ya dizeli zinatumia cheni. Petroli ya 4.7 inatumia mkanda.

Pima kwa kompyuta, na usiridhike na “hakuna kosa”. Mwambie fundi akuonyeshe marekebisho ya nozeli, silinda moja moja, injini ikiwa ya moto na imetulia. Kwenye 3.0, silinda inayozidi 3 juu au chini ya sifuri inakuambia nozeli yake imechoka. Piga picha skrini hiyo, maana ndiyo ya kuombea punguzo.

Kwa dizeli ya 2.8 wasiwasi ni mwingine: kichujio cha masizi, ambacho mafundi hukiita DPF. Hukusanya masizi, na gari likikimbia barabara ndefu joto la eksozi huyachoma. Kwenye foleni joto halifiki, masizi yanalundikana, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Nchini Australia wenye Hilux, Fortuner na Prado za injini hiyo waliishtaki Toyota kwa sababu ya mfumo huo, na mwaka 2022 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba magari hayo yalikuwa na kasoro. Hilo halimaanishi kila GDJ ni mbovu. Linamaanisha usiinunue kwa ajili ya kupeleka watoto shule.

Kuna kipimo cha bure. Chukua kitambaa cheupe, futa ndani ya mdomo wa eksozi. Gari lenye DPF nzima huacha kitambaa karibu safi. Kikitoka cheusi ti, DPF imepasuka au wameitoboa na kuiacha ganda. Wengi huitoboa hapa mjini, na gari linakwenda vizuri tu, lakini wewe unauziwa kwa bei ya gari kamili.

GDJ za Japani pia zina tangi la AdBlue, maji ya urea yanayopuliziwa kwenye eksozi. Yakiisha kabisa na ukazima gari, haliwaki tena hadi uyaongeze. Mjini yanapatikana. Kama unaishi Sumbawanga, safiri na galoni yake.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Japani, ambako magari haya yaliundwa, kikomo ni 10. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulipungua Tanzania ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo yake mwaka 2018, lakini dizeli yenye maji au uchafu bado ipo, hasa ile ya kwenye madumu. Nozeli za kisasa zina matundu membamba sana. Injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser hardtop zinavumilia. Hizi hazivumilii.

Land Rover Discovery za dizeli za V6, zile za 2.7 na 3.0, sizipendekezi kwa mtu anayenunua gari lake kubwa la kwanza. Zina sifa ya kukata kranki, ule mhimili mkuu wa injini, na hilo likitokea hakuna cha kutengeneza, ni kutafuta injini nyingine.

Hatua ya 6: Kukagua ya petroli

Hii ni fupi. Iwashe ikiwa baridi, sikiliza cheni: kelele ya sekunde mbili inasameheka, ya kudumu haisameheki. Fungua rejeta ikiwa baridi, utafute mafuta yanayoelea, na kwenye 4.0 za kwanza za Prado 120 angalia hasa kama maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, maana gasketi ya kichwa ndiyo mtuhumiwa. Chomoa plagi moja. Rangi ya kahawia kavu ni afya, oili nyeusi ni maswali. Angalia chini kama sega la eksozi bado lipo, kwa kuwa lina madini ya thamani na wapo wanaolikata na kuliuza.

Na kati ya 2.7 na 4.0? Ile 4.0 ni raha kuendesha na haina makuu, lakini mjini inaweza kukupa kilomita 5 au 6 kwa lita. Anayeikubali aikubali akijua. Ile 2.7 ni mvivu anayefika. Kwa Dar, ndiyo ningeichukua.

Hatua ya 7: Liendeshe hadi lichoke kidogo

Kuzunguka yadi mara mbili si kuendesha. Tafuta barabara ya wazi na mlima, nusu saa angalau. Kwenye mlima, dizeli ishike bila filimbi kali ya turbo na bila kuingia kwenye hali ya kujilinda ambapo inakataa kuzidi kasi fulani. Sindano ya joto ikae katikati. Ukirudi, iache ingurume na fungua tena kile kifuniko cha oili. Inachopumua sasa ndicho itakachopumua barabarani.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Petroli: badilisha oili, kichujio cha hewa na plagi kama hazina historia, basi. Dizeli: oili na vichujio vyote, washa za shaba chini ya nozeli kama ni 3.0, mkanda kama hakuna risiti, kisha legeza ile skrubu chini ya kichujio cha dizeli umwage maji yaliyotuama. Fanya hivyo mara kwa mara, hasa baada ya kujaza vituo vya njiani usivyovijua.

Na bandika neno DIZELI, kubwa, ndani ya kifuniko cha tangi. Prado nyingi zinazopita vituoni ni za petroli, mkono wa mhudumu umezoea. Shuka, simama naye, taja mafuta kabla hajachomoa bomba. Akikosea na ukagundua papo hapo, usiwashe, hata kama wanakuomba usogee kupisha foleni; lisukumeni pembeni na umwite fundi amwage tangi. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiwasha, petroli inaikausha, vyuma vinasagana, na unga wake unasambaa hadi kwenye nozeli zote nne.